Vidole Vyangu Viishie Kwangu

Sogeeni, wanangu, mkae karibu na kitanda, na wewe kifungua mimba wangu zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Msilie. Nimekula chumvi nyingi, nimepiga piano kwenye kumbi ambazo watu walisimama kunishangilia, na bado nilirudi nyumbani nikakuta vyombo vichafu vinaningoja, kwa sababu baba yenu, Mungu amrehemu, alijua kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nyumba ni yenu nyote wawili. Asiiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Mama yenu mdogo tulinuniana miaka mingi kwa sababu alisema wanangu wamelelewa na majirani huku mimi nikifuata makofi ya watu. Kununa nako kunataka nguvu, nami sina tena. Mpeni kile kiti chekundu cha sebuleni anachokipenda, mumwambie yameisha.

Piano ni ya binti yangu, hilo mlilijua. Lakini vitabu vyangu vya nota, vile nilivyoandika kwa penseli juu ya kila nota ipigwe kwa kidole gani, hivyo ni vya kaka yake. Usinitolee macho, baba. Wewe ni fundi wa magari, na ukurasa wa nota kwako ni sisimizi tu waliomwagika. Ndiyo maana nakupa wewe. Vifungie mahali pakavu, na dada yako akija kuviazima mwambie ufunguo umepotea.

Usinikatize, kitinda mimba wangu. Juzi nilikusikia ukijiandaa kwa onyesho lako, ukipiga ule wimbo ulionipa jina. Pale katikati, mkono wa kushoto unatakiwa kushika nota zilizoachana mbali, zilie zote kwa pamoja. Mimi mkono wangu mdogo, haukufika hata siku moja, basi nikazipiga moja baada ya nyingine, harakaharaka, kuanzia chini. Magazeti yakaandika kwamba naifanya piano ivute pumzi. Pumzi gani, mwanangu? Mtu hujikuna ajipatapo.

Wewe una mkono wa baba yako, aliyekuwa akishika tikiti maji kama chungwa. Lakini ukifika pale unaukunja, unavuta pumzi yangu, kwa kuwa penseli yangu imekuambia hivyo. Wahenga walimwonya anayemwiga tembo. Hawakuwahi kumwona tembo anayemwiga panya. Watu wanasema, "Huyu mama yake mtupu," nawe unafurahi, na mimi, uongo sina, nilifurahi pia. Sasa naogopa. Nikishaondoka watakuja ukumbini kunitafuta mimi ndani yako, na wewe, mama, atakusikia nani?

Kwa hiyo shikeni haya. Mnizike bila muziki. Onyesho lisiahirishwe kwa ajili ya matanga, na atakayekulaumu mpeleke kwa kaka yako. Nunua vitabu vipya visivyo na alama ya mtu, uweke vidole vyako mwenyewe, ukosee makosa yako mwenyewe. Na msigombane, wanangu. Mimi na mdogo wangu tumewagombania vya kutosha.

Sasa nenda sebuleni ukaipige sehemu ile. Acha mlango wazi.

Wewe baki hapa, baba, niinulie mto. Hivyo... inatosha. Nishike mkono.

Umesikia? Amezipiga mojamoja tena, kama mimi. Mwambie arudie, asinihurumie.

Mungu awape afya na riziki, awape watu wa kuwaambia ukweli... mzeeke mkipendana. Nimewaridhia nyote wawili, ridhaa ya... ya mama aliyewazaa.

Anarudia. Nyamaza.

Hiyo... zote kwa pamoja... hiyo siijui, baba. Sijawahi kuisikia. Nenda kamwambie... mama yako amesema hiyo haijui.