Chai ya Msiba wa Lameck Mwakibinga

Ndugu waombolezaji, mliopo hapa Busale na mliovuka mto Songwe pale Kasumulu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Tunayemsitiri leo ni Lameck Mwakibinga, na maisha yake yalikuwa haya.

Lameck alizaliwa Mwaya, kando ya ziwa, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa mzee Eliud na mama Marta. Mama yake aliuza chai siku za gulio, na mtoto alishinda karibu na sufuria akinusa kila kilichotiwa humo. Aliingia darasa la kwanza hapo hapo Mwaya mwaka 1957, akamaliza kidato cha nne Tukuyu mwaka 1968, kisha akasomea kilimo. Walimu walisema ana akili ila ni mbishi. Ubishi huo ameondoka nao.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao, akapewa kazi ambayo wenzake waliicheka: kutafuta aina zote za tangawizi za pwani hii ya ziwa, kuanzia Matema hadi ng'ambo ya Songwe, na kueleza kwa nini ya kijiji hiki haifanani na ya kijiji kile. Aligundua kwamba tangawizi ilisafiri na mabibi harusi. Binti akiolewa, mama yake alimfungia kipande akapande nyuma ya jiko lake jipya. Ndiyo maana Lameck, kabla ya kuuliza habari za udongo, alianza na swali moja: "Mama, wewe uliolewa kutoka wapi?"

Swali hilo lilimfikisha hapa Busale mwaka 1977, kwa mzee Hezroni, kuomba kipande cha tangawizi nyembamba yenye harufu ya ndimu. Alirudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Siku moja mzee akamwambia, "Kijana, tangawizi yangu umeshaimaliza. Sasa sema unachokitaka." Alichokitaka ni Anyes, binti wa mzee. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978, wakajenga hapa hapa, na Anyes akaja na kipande kutoka kwa mama yake.

Soko huria lilipofunguliwa, wafanyabiashara walileta mbegu ya tangawizi nono, inayojaza gunia upesi. Watu waking'oa za zamani, Lameck alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wabakize japo shina moja. Walimcheka: "Lameck, utakula majina?" Hatuwalaumu, ada ya shule hailipwi kwa harufu. Mwaka 1994 naye akapunguzwa kazini, na shamba la utafiti likaachiwa magugu. Alichukua kipande cha kila aina, akapanda matuta nyuma ya nyumba hii, kila tuta na kibao chake. Kufikia hapo, aina nyingi hazikuwepo tena kwingine.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Alidhoofu, lakini matuta aliyapalilia akiwa amekaa kwenye kigoda. Alimwambia mkewe, "Mwezi wa saba zikikomaa, wape kina mama. Kila mmoja arudishiwe ya kwao." Mwezi wa saba hakuuona. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 10 Juni 1997, katika hospitali ya wilaya.

Jioni hiyo wageni walijaa, na Hosiana, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia jiko. Alikuwa amevuka kutoka Karonga siku hiyo hiyo, na agizo la mwezi wa saba hakulijua. Hakutaka wageni wa kaka yake wanywe chai isiyo na kitu. Yeye na wenzake wa jikoni wakachimba matuta yote, na vile vibao vikavu wakawashia moto. Anyes alikuwa ndani, kwenye mkeka. Alipoletewa kikombe alikunywa funda moja, akakishusha. "Hii ni ya mama yangu," alisema.

Hosiana alipoelezwa agizo la kaka yake alianguka chini kwa kilio. Anyes akamshika mkono: "Usilie hivyo, wifi. Kaka yako hakuwahi kumnyima mtu tangawizi." Kisha akakimaliza kikombe chake. Tunawaomba nanyi msimseme vibaya Hosiana. Chai ile tumeinywa wote, na wengi tuliomba ya pili.

Jikoni kuna bakuli moja la vipande vilivyosalimika. Vitapandwa, lakini hatujui kipi ni cha Matema na kipi ni cha Mwaya. Aliyeweza kuvitambua kwa kunusa tu ndiye huyu tunayemshusha kaburini.

Marehemu ameacha mjane, Anyes, watoto watatu, Angetile, Jubilate na Lugano, wajukuu wawili, dada yake, Hosiana, na bakuli la tangawizi zisizo na majina.

Ndaga fijo, asante sana, Lameck. Ulichoka, sasa pumzika kwa amani.