Mama Agnella na Maziwa ya Kwanza ya Punda

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutibu mifugo ya bonde hili, Mama Agnella Mponda anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Sisi wenzake wa kituo cha mifugo tunamuaga huku roho zikituuma, ingawa mbuzi wanaoijua sindano yake huenda wakafanya sherehe.

Alianzia Masagati, kwa baiskeli na kisanduku cha dawa. Alipohamishiwa hapa Mlabani akapewa pikipiki, nayo ikamwangusha matopeni wiki ileile. Tangu hapo haipandi bila kuisemesha kwanza kwa upole.

Lakini ukimtaja pale Michenga, utasimuliwa habari za punda wa Kandida. Kandida ni mjane. Mpunga, maji na ada za wanawe vyote vilimtegemea punda huyo mmoja, naye alikuwa anazeeka. Watoto wawili wa punda huyo walishakufa kwa nimonia. Wa tatu alipozaliwa, ndiye aliyekuwa tumaini la nyumba.

Majirani wakaja na vikombe. Wengi huku huamini maziwa ya punda hutibu kikohozi cha watoto, na Kandida hajui kumnyima mtu. Mama Agnella alipofika, jirani wa mwisho alikuwa akiondoka na kikombe chake, na chuchu zilikuwa tupu. Mtoto wa punda huzaliwa karibu bila kinga. Huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na asipoyanyonya mapema, nimonia humkuta mikono mitupu.

Kandida alilia. Mama Agnella hakumgombeza, maana alijua mwenzake amegawa kwa huruma. Alikwenda kwa mzee Gaudensi, mwenye punda dume mwenye afya nzuri na mkorofi kuliko wote kijijini. Akamtoa damu, na punda akamng'ata mkono. Damu ikatuama kwenye friji letu, kisha yale maji ya njano ya juu, yenye kinga, akamtilia mtoto kwenye mshipa. Tukangoja kwa wasiwasi. Masika ile mtoto alikohoa kidogo tu, akapona, na walewale wenye vikombe walipokezana kumkinga na mvua. Kovu la meno Mama Agnella bado analo, na huwaonyesha wageni bila kuombwa.

Mwezi uliopita mtoto yule, ambaye sasa ni punda jike anayebeba mpunga, alizaa. Mama Agnella hakupigiwa simu. Alizisikia habari sokoni, akaumia kwa kusahaulika, akawasha pikipiki. Alimkuta Kandida zizini na majirani, hakuna hata kikombe kimoja, na mtoto amekwisha kunyonya akashiba. Watoto wenye kikohozi walikuwa wamepelekwa zahanati. Kandida akamwamkia shikamoo, akamweleza kuwa hawakuona sababu ya kumsumbua. Mama Agnella alilia palepale, na nadhani ndipo alipokubali kwamba anaweza kustaafu.

Asante, Mama yetu, kwa mikono yako, hata huo uliong'atwa. Kapumzike, ule samaki wa Kilombero bila haraka, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha. Simu yako isipoita, usinune. Ujue wamenyonya.