Siku Kumi na Mbili za Muzee Bulaimu

PLACIDE: Haloo! Haloo, Kabambare! Nani anashika simu?

THÉOPHILE: Ni Théophile, katekista. Karani wa posta amenitoa ku masomo mbio mbio. Ni nani? Kuko mutu amekufa?

PLACIDE: Hakuna, shemeji! Ni mie Placide.

THÉOPHILE: Placide! Dada yangu Apolline iko muzima?

PLACIDE: Muzima. Lakini tangu juzi hatoki jikoni. [simu inakwaruza] Unasikia?

THÉOPHILE: Nasikia kama mutu anakaanga karanga. Sema nguvu! Wewe mupishi wa misioni, nani amekupa ruhusa ya simu?

PLACIDE: Padri mwenyewe amenituma. Iko inje, ndani ya motokari. Shemeji, muzee Bulaimu wa huko kwenu amefika.

THÉOPHILE: Amefika wapi?

PLACIDE: Hapa Kasongo, ku misioni. Na bibi yake Hawa, na mbuzi mbili. Anasema, "Padri alilala kwangu siku kumi na mbili. Na mie nimekuja kulala kwake siku kumi na mbili."

THÉOPHILE: Si ndiyo desturi? Muzee alimuachia kitanda chake, yeye na Hawa wakalala chini. Na siku ya kuagana Padri alisema mbele ya watu wote, nyumba yangu ni nyumba yako. Nilikuwa pale! Mie ndiye nilimuambia muzee, huyu muzungu ni wa kweli, umupe kiwanja tujenge nyumba ya masomo—

PLACIDE: Lakini nyumba ya mapadri unaijua. Mutu mweusi anaingia na sahani, anatoka na sahani.

THÉOPHILE: Basi Padri amefanya nini?

PLACIDE: Amejificha. Alinituma nimuambie muzee, Padri amesafiri.

THÉOPHILE: Na muzee?

PLACIDE: Akakaa ku barza. "Vizuri, nitamungojea." Halafu akaniuliza nani anavuta kiko nyuma ya dirisha.

THÉOPHILE: Naona haya, shemeji. Haya kabisa.

PLACIDE: Padri naye anaona haya. Anamupenda muzee, ni kweli. Ameandika barua kwao Ulaya, kurasa tatu, namna amepata rafiki.

THÉOPHILE: Na kwangu anatafuta nini?

PLACIDE: [kwa sauti kubwa] Ndiyo, Padri, niko namuambia! [chini chini] Anataka wewe ulete habari kwamba mutoto wa muzee iko mugonjwa. Arudi leo.

THÉOPHILE: Niseme uongo? Mie? Asubuhi hii nimefundisha watoto amri ya nane!

PLACIDE: Anasema ni uongo mudogo.

THÉOPHILE: Muzee akirudi akute mutoto wake anacheza, nitaweka wapi uso wangu? Atatunyanganya kiwanja! Ukuta umefika ku kifua, Placide. Watoto makumi ine wanasoma juani. Hapana. Muambie Padri hapana.

PLACIDE: Nilijua.

THÉOPHILE: Sasa muzee analala wapi?

PLACIDE: Kwangu. Ku kitanda changu. Mie na Apolline tuko chini.

THÉOPHILE: Ee, Mungu akubariki! Umetufunika haya. Kiwanja kimepona!

PLACIDE: Kimepona, ndiyo... [simu inakwaruza] Shemeji, kuko jambo. Leo muzee amekunywa chai, akaangalia nyumba yangu yote. Akasema kile kiwanja alimupa rafiki.

THÉOPHILE: Ndiyo. Padri.

PLACIDE: Akasema rafiki ni yule anayekufungulia mulango.

THÉOPHILE: Placide!

PLACIDE: Nilikikataa kile kiwanja mara mbili! Apolline akanifinya. Muzee akaita mashahidi, majirani Amuri na Yakubu—

THÉOPHILE: Placide, ukuta umefika ku kifua!

PLACIDE: Najua. Apolline anasema pale ni pazuri kwa jiko.

THÉOPHILE: Padri anajua?

PLACIDE: Nani atamuambia? Yeye amesafiri. Ngoja, karani ananionyesha saa— [kwa sauti kubwa] Ndiyo, Padri! Théophile anakusalimia sana!

THÉOPHILE: Haloo! Usikate! Na watoto wangu? Na masomo?

PLACIDE: Masomo itaendelea, shemeji. Wewe ukuje tu kunitembelea, tutasemezana vizuri. Kitanda kitakuwa wazi zikiisha siku tisa za muzee—