Friza ya Mama Mafua

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Leo nimeuzima muziki wa kufungulia kipindi. Nina hasira, na sitaki kuificha nyuma ya ala.

Tunamkumbuka mtafiti wa virusi ambaye wenzake walimwita Mama Mafua. Alizikwa wiki iliyopita. Kazi yake yote, narudia, kazi yake yote imo ndani ya friza moja, katika taasisi aliyoitumikia mpaka mwisho. Na taasisi hiyo inakitaka chumba chenye friza hiyo.

Jina hilo lilikuwa la kejeli. Alianza kuchunguza virusi vya korona enzi ambazo wengi waliona vinaleta mafua tu, basi. Vikaoni wakubwa walimcheka: "Watu wanakufa kwa malaria, wewe unafukuzana na makamasi?" Akawajibu, "Chekeni tu. Virusi hivi vinahama. Leo viko kwa mnyama, kesho viko kwako."

Akaingia kazini. Aliingia kwenye maghala yaliyohamwa, amevaa barakoa na mabuti, akamshika popo taratibu, akampitisha kijiti cha pamba mdomoni, akamwachia. Alikwenda shuleni kupima pua za watoto wenye mafua. Binti yake ananiambia: "Mama hakuweza kusikia chafya akanyamaza. Hata harusini! Anamfuata mtu: samahani kaka, naweza kukuchokoa pua? Sisi wanawe tunatamani ardhi itumeze."

Kila sampuli ilitiwa kwenye kichupa, kichupa kikaingia frizani, kwenye baridi kali kuliko barafu. Ikiyeyuka, kirusi kinaharibika. Ikiyeyuka, imekwisha.

Wasikilizaji wapendwa, iliyeyuka. Taasisi ilipata mgeni rasmi, spika zikakosa pa kuchomekwa, mtu akaingia maabara akachomoa plagi ya friza. Wakahutubiana, wakapigiana makofi, wakaenda zao nyumbani. Hakuna aliyeirudisha. Baada ya wikiendi Mama Mafua alifungua mlango akakuta maji sakafuni. Mumewe, fundi umeme, anakumbuka: "Alinipigia simu, akasema njoo na ndoo. Tulikausha sakafu mpaka usiku."

Wakamwambia pole, bahati mbaya. Bahati mbaya! Jamani, bahati mbaya ina mikono ya kuchomoa plagi? Hakuna aliyeulizwa. Hakuna hata aliyeona haya.

Akaanza upya. Akarudi kwa popo wale wale, na shule zile zile. Safari hii mumewe alitengeneza kisanduku cha chuma, akakifungia juu ya soketi, akatia kufuli. "Nikamwambia mke wangu, sasa soketi yako ina mlango. Akacheka mpaka akakaa chini."

Kisha ukaja ugonjwa mpya, wa korona mpya. Waliomcheka wakaja mbio. Vipimo vilikuwa vinachanganya ugonjwa huo na mafua ya kawaida, na watu wenye mafua tu wakafungiwa pamoja na wagonjwa. Sampuli zake za mafua ya kawaida, zilipojaribiwa kwa vipimo hivyo, ndizo zilizoonyesha kipimo kipi kinasema kweli. Zake, nasema. Lakini kwenye televisheni aliyeonekana ni mkurugenzi, na tai yake. Binti alipolalamika, mama akasema, "Mwache aongee, mimi nina kazi." Mama, utanisamehe. Mimi simwachi.

Mazikoni mkurugenzi huyo alimwita marehemu hazina. Siku chache baadaye akamtuma dereva kwa mume wa marehemu, alete ufunguo wa kufuli ya ile soketi. Chumba kinageuzwa ukumbi wa mikutano, na mlangoni litaandikwa jina la marehemu. Na friza? Itawekwa pembeni. Nilimpigia simu leo asubuhi nikamuuliza, pembeni wapi, na umeme wa nani? Akanijibu, "Sisi tunamuenzi." Unamuenzi mtu kwa kumwaga kazi yake?

Fundi wetu alimkaribisha yule dereva ndani. "Nilimwambia, mdogo wangu, chai nitakupa, ufunguo sikupi. Bosi wako anionyeshe kwanza friza nyingine, imechomekwa, inafanya kazi, na mtu wa kuitunza. Sampuli nitazihamisha mwenyewe." Mpaka tunaingia hewani, bosi hajamwonyesha hata waya.

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Ugonjwa mwingine ukija, nao utakuja, tutamkimbilia nani? Ukumbi wa mikutano? Ninyi mnaofanya kazi kwenye jengo lile mnanisikia. Mnapita mlango ule kila siku. Semeni kitu.

Kwa binti, kwa ndugu na jamaa wote, poleni sana. Mmempoteza mama, nasi tumempoteza mtu aliyetuhangaikia wakati sisi tunamcheka. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe fundi, kaka yangu, najua redio yako iko wazi. Pole kwa msiba. Ufunguo huo usiutoe.