Nikolausi Bura Akonaay, Bwana Mifugo Aliyemkataza Mdogo Wake Kuja Kumzika

Marehemu Nikolausi Bura Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kata ya Daudi, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bura Akonaay na Mama Helena. Mdogo wake, Hilary, alizaliwa miaka sita baadaye, na Nikolausi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipojua kutembea.

Alisoma shule ya msingi Daudi, akaendelea na sekondari Mbulu, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Tengeru, alikohitimu mwaka 1989.

Mwaka uliofuata aliajiriwa wilaya ya Hanang, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa Gehandu. Alizunguka maboma kwa pikipiki, vumbi likimfuata. Akifika, alitazama kwanza kinyesi cha ng'ombe mgonjwa.

"Bwana mifugo, mbona hata hujatusalimia?" wafugaji walimtania.

"Nitawasalimia. Ninyi mna midomo, huyu hana."

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Benedikta Gidamis wa Balangdalalu katika kanisa la Katesh. Mungu aliwajalia watoto wawili, Doris na Sylvester.

Mwaka 2021 alianza kuona damu chooni. Mtu aliyekagua vinyesi vya mifugo ya kata nzima alificha cha kwake. Alijiambia ni bawasiri, tena imeletwa na kiti cha pikipiki. Akashona mto wa ngozi ya kondoo, akaukalia karibu miaka miwili bila kumwambia mtu. Aprili 2023 alianguka mnadani. Hospitali ya rufaa ilikuta saratani ya utumbo mpana, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Pamoja na dawa za kawaida za saratani aliwekewa dripu nyingine. Daktari alimweleza kwamba seli iliyoharibika hutakiwa kufa yenyewe, lakini seli za saratani hupokea ishara ya kuziambia ziendelee kuishi. Dawa hiyo huziba njia ya ishara. Ilimfanya atoke vipele uso mzima.

"Baba Doris, umebalehe tena?" Benedikta alimuuliza.

"Basi nitafutie mchumba."

Uvimbe ulisinyaa. Alilima mahindi msimu ule, akayavuna mwenyewe. Kisha vipimo vikaonyesha uvimbe umekua upya. Seli zilikuwa zimepata njia nyingine ya kuishi.

"Nazielewa," alimwambia daktari. "Ukiziba tundu la boma, fisi anazunguka nyuma."

Dawa ya kuziba huko nyuma haikupatikana.

Daktari alisema ndugu zake wapimwe. Nikolausi alimwuliza Hilary kama naye anaona damu. Hilary akatazama chini.

"Kaka, ni bawasiri tu."

"Hata mimi niliiita hivyo."

Tangu siku hiyo hakumpa nafasi ya kupumua. Alimpigia simu kila asubuhi, hata sauti ilipokuwa imebaki mnong'ono, mpaka Hilary akaenda kupimwa. Walimkuta na uvimbe. Upasuaji ukapangwa Juni, na marehemu wakati huo alikuwa hawezi tena kukaa. Alimwita kitandani.

"Nikifa siku hizo, usije kunizika. Umesikia?"

"Kaka, nani atatupia udongo wa ndugu kaburini? Watu watasemaje?"

"Sylvester ana mikono. Na watu watasema. Wewe utakuwa hai, utawasikia."

Hilary alipasuliwa Jumatano tarehe 11 Juni 2025. Doris alipiga simu kutoka hospitalini: uvimbe umetolewa, na ini halijaguswa. Benedikta alimnong'oneza marehemu maneno hayo sikioni, akayarudia. Alibana vidole vya mkewe. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, nyumbani Gehandu, baada ya usiku wa maumivu ambayo morfini haikuweza kuyatuliza.

Ameacha mama yake mzazi Helena, mjane wake Benedikta, watoto wake, Doris na Sylvester, na mdogo wake, Hilary. Tunajua wapo wanaoulizana hapa kwa nini ndugu wa tumbo moja hayupo kaburini. Yuko wodini kwa amri ya marehemu, na jana jioni alianza kunywa uji.

Mungu ampokee Nikolausi, apumzike sasa kwa amani.