Gurudumu la Mbele la Humber

Milcah alipoingia katika gari la moshi huko Molo, alidhani mzee aliyeketi mbele yake amepakata ungo. Kumbe lilikuwa gurudumu la baiskeli, limefunikwa kwa gunia.

"Ni la Humber ya kabla ya vita," Mzee Waithaka alimweleza Owino, mtu wa reli aliyeketi ubavuni pake. "Serikali inatufukuza Wakikuyu wa mashamba ya wazungu, turudi Kiambu. Nami nilizaliwa Molo. Baiskeli wamekataza isipakiwe garini, basi nimeiacha kwa jirani, nikang'oa gurudumu hili asije akaipanda."

Owino akacheka kidogo. "Mzee wangu, mimi ninazo tatu za Kiingereza, kuukuu kuliko hiyo. Gurudumu la baiskeli ya Raleigh litaingia pale bila kusukumwa. Jirani yako yuko barabarani saa hii."

Mzee akalivuta gunia, akalifunika gurudumu vizuri zaidi. Milcah aliona heri mtu huyu angalisema uongo. Ukweli nao una saa zake.

"Nipe hilo," Owino akasema, sasa kwa upole. "Jumamosi nitapanda Molo, niidai baiskeli kwa jirani yako, niitunze mpaka urudi."

"Na nisiporudi?"

"Itakuwa imetunzwa."

"Na mimi nitakuwa nimebaki na nini, kijana?"

Breki zikalia, wakawa Nakuru. Askari akafungua mlango, akawaita watu wa Kiambu washuke wangoje kambini. Mikono minne ilikuwa imelishika gurudumu, na Milcah hakuweza kujua ni nani anayevuta.