Abdias Lusenge, Fundi Aliyekataa Kubomoa Boma la Kyambuli

Wasikilizaji wapendwa, mlio Butembo, mlio Beni, na nyinyi mlio barabarani kuelekea Kanyabayonga, nawasalimu wote. Leo tunamkumbuka fundi mmoja. Jina lake Abdias Lusenge. Alikuwa maçon. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake hapa Butembo, akiwa na miaka sabini na sita. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Papa Abdias Lusenge, fundi wa matofali, ametutoka.

Wengi wetu tulimjua kwa nyumba alizojenga. Panda kilima chochote cha mji huu, utakuta ukuta wake. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya jengo ambalo hakulijenga yeye. Ni boma la zamani, boma la matofali, kule Kyambuli, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edouard. Boma lile lingali limesimama. Limesimama kwa sababu yake.

Lilijengwa wakati wa Wabelgiji, karibu miaka mia moja sasa. Watu walitolewa milimani kwa nguvu. Walishushwa ziwani, kwenye joto na mbu. Walikanyaga udongo, wakachoma matofali, wakapandisha kuta. Aliyechelewa alichapwa fimbo. Baba yake Abdias, mzee Mathe, alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na mguu uliovunjika, akachechemea hadi kufa. Hakulitaja boma kwa jina hata siku moja. Alisema tu, "kule chini."

Abdias aliliona kwa mara ya kwanza mwaka 1979, alipoenda kutafuta samaki wa harusi yake. Mjane wake, Mama Agar, alinisimulia juzi tukiwa tumekaa matangani.

"Alirudia na samaki kidogo tu," alisema. "Nikamuuliza, lakini ile ingine iko wapi? Akasema alishinda muchana yote anaangalia ukuta. Akaniambia, 'Agar, kazi ya baba yangu ni ya muzuri. Ile ndiyo inaniuma.'"

Miaka ikapita. Mwaka 2014, watoto wa Kyambuli walikuwa wanasomea chini ya bâche, yaani turubai. Mvua ikinyesha, masomo yanakwisha. Kamati ya wazazi ikakaa na kuamua: boma libomolewe, matofali yake yajenge shule. Wakamwita fundi anayeaminika. Wakamwita Abdias Lusenge.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Abdias aliitwa kubomoa, akakubali. Alishuka Kyambuli na nyundo zake, pamoja na binti yake Keren, ambaye tayari alikuwa maçon kama yeye. Keren anasema baba yake alitoa tofali la kwanza, akatoa la pili. La tatu akalishika mikononi muda mrefu. Halikuwa na ufa hata mmoja. Akaweka nyundo chini, akaenda kumtafuta Delphin, rais wa kamati.

Watu wakakusanyika. Mama Kavuo, muuza samaki ambaye baba yake pia alifanyishwa kazi pale, alisimama mbele ya wote.

"Papa Abdias, baba yangu alichapwaka mule ndani. Unaipenda hii nyumba kuliko batoto yetu?"

Abdias akajibu, "Hapana, mama. Miye nayo naichukia. Mais tukiivunja, kesho mutu atakuja kutuambia ile mambo haikukuwaka. Tutamuonyesha nini?"

"Batoto banalowana leo. Hapana kesho."

Abdias akasema, "Munipatie mwezi sita. Tutachoma briques ya mupya hapa hapa, miye na binti yangu. Tukishindwa, nitabomoa miye mwenyewe."

Delphin alisita, lakini akakubali. Miezi sita.

Tanuru la kwanza liliharibika. Mvua ililipiga siku ya pili ya moto, na nusu ya matofali ikarudi kuwa udongo. Watu walicheka. Mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja Keren akamwona Mama Kavuo anakuja na wanawake kumi na wawili, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

Abdias akamshukuru kwa Kinande, "Wasingya, mama."

Naye akajibu, "Nimekuja juu ya masomo. Hapana juu ya boma yako."

Tanuru la pili liliiva vizuri. La tatu pia. Mwezi wa sita ulipofika, shule ilikuwa na kuta za madarasa manne, na boma lilikuwa bado pale.

Baada ya hapo, kila kiangazi Abdias alishuka ziwani kulitengeneza. Na hapa pia alikosea, na yeye mwenyewe alipenda kulisema kosa hilo. Alijaza nyufa kwa saruji. Misimu miwili ya mvua baadaye, matofali ya zamani yalikuwa yanamomonyoka kuizunguka saruji ile. Ilikuwa ngumu kuliko matofali yenyewe, na iliyafungia maji ndani. Akaichokonoa yote, kipande kwa kipande, mwaka mzima. Akajifunza kuchanganya chokaa na mchanga, kama wale wa zamani walivyofanya. Aliwaambia mafundi wenzake, "Nilizani ninaisaidia, kumbe ninaiua. Uliza ukuta kwanza."

Halafu kukawa na miaka ya barabara mbaya, miaka ya watu wenye bunduki. Mnajua ninachosema. Miaka miwili hakuna aliyeshuka. Maji ya ziwa yalipanda, na kona moja ya boma, ile inayotazama ziwa, ikaanguka. Abdias aliposikia, miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka. Hakuiona kona ile tena.

Kwenye mazishi, Mama Kavuo alikuja kutoka Kyambuli. Nilimuuliza kama Abdias alimshinda katika ule ubishi wao.

"Anishinde? Hapana. Tulibishana mupaka mwisho. Mais batoto ya masomo banakuyaka pale kwa boma na mwalimu wabo, bananiuliza baba yangu alikuwa anaitwa nani. Zamani, hakuna mutu aliniulizaka. Sasa ninabaambia: Paulin. Alikuwa anaitwa Paulin."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Agar, kwa Keren na ndugu zake, na kwa mafundi wote wa Butembo, redio yenu inasema: poleni sana. Mungu awafariji. Na sisi tuliobaki, tujiulize. Katika mtaa wako kuna ukuta wa zamani. Nani aliukanyagia udongo? Je, yuko bado mzee nyumbani kwako anayejua, na ambaye hujamuuliza?

Nilipoaga matangani, Keren alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza sasa itakuwaje.

"Tukimaliza kilio, tunashuka Kyambuli," alisema. "Chokaa iko tayari. Ile kona haiwezi kungoya mvua."